Maswali ya Wasomaji: Kuanza Kuprogramu kwa Katuni Zinazotembea

Barua nyingi za safari hii zinahusu Scratch, programu ya bure ambayo mwanafunzi huunganisha bloku za rangi na kumfanya mhusika wa katuni atembee, aseme au acheze. Tumechagua zile zinazogusa mambo yanayowakwaza wengi. Bloku tumezitaja kwa Kiswahili cha kawaida. Maneno yakitofautiana kidogo na mnayoyaona kwenye skrini, fuateni rangi: bluu ni mwendo, zambarau ni mwonekano, manjano ni matukio, rangi ya chungwa ni udhibiti.

Ndugu mhariri, nimepewa kazi ya kuanzisha klabu ya kompyuta kwa watoto wa miaka 9 hadi 13. Kompyuta ninazo 12, watoto 24, na intaneti ni ya kubahatisha. Nianze na programu gani, na nijiandae vipi? (Mwalimu wa klabu)

Ndugu mwalimu, kwa umri huo Scratch inatosha kabisa. Ilitengenezwa na kikundi cha watafiti wa MIT Media Lab nchini Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2007, na ililengwa hasa kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Wadogo wa miaka 5 hadi 7 wanafaa zaidi ScratchJr, ambayo bloku zake zina picha badala ya maneno. Alice, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, huwavutia vijana wakubwa kwa sababu wahusika wake ni wa pande tatu, lakini inataka kompyuta yenye nguvu zaidi, na mtu anayeanza hupotea kwa urahisi katika kuwapanga wahusika kabla hajaandika amri hata moja.

Intaneti isikusumbue. Lipo toleo la Scratch la kusakinisha. Pakua faili lake mara moja, liweke kwenye flashi, kisha sakinisha kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha, kwenye menyu ya juu. Kama una kompyuta kongwe zinazogoma kuendesha Scratch 3, toleo la 1.4 huenda likakubali. Kumbuka tu kwamba kazi za 1.4 hufunguka kwenye Scratch 3, lakini za Scratch 3 hazifunguki kwenye 1.4. Ukichanganya matoleo hayo mawili, mtoto aliyehamia kompyuta nyingine atakuta kazi yake haifunguki.

Jambo linaloumiza klabu nyingi ni kazi kupotea. Toleo la kusakinisha halihifadhi lenyewe: lazima mtoto afungue menyu ya faili na kuhifadhi, apate faili lenye mwisho wa .sb3. Tenga dakika 5 za mwisho kwa hilo peke yake, na kila kipindi faili lipewe namba mpya badala ya kuandika juu ya lile la jana. Mradi ukiharibika, kuna pa kurudi.

Kuhusu watoto wawili kwa kompyuta moja, usione ni upungufu. Mmoja ashike kipanya, mwingine aelekeze kwa maneno tu bila kugusa chochote, na wabadilishane kila dakika 10. Anayeelekeza analazimika kusema "rudia mara 10, ndani yake nenda hatua 10". Kusema hivyo kwa usahihi ndiko kuprogramu kwenyewe.

Somo langu la kwanza lina dakika 40. Niwafundishe nini ili wasichoke wala wasipotee? (Mwalimu wa shule ya msingi)

Bloku tano zinatosha, na usitembeze darasa kwenye menyu zote. Tumia paka anayejitokeza mwenyewe Scratch inapofunguliwa.

Anza na bloku moja, "nenda hatua 10". Iburuteni katikati na mbofye bloku yenyewe, bila kuiunganisha na chochote. Paka anasogea kidogo tu, na baadhi ya watoto hawataona chochote kilichotokea, kwa sababu jukwaa, yaani eneo anakotembea paka, lina upana wa pikseli (nukta za skrini) 480 na hatua moja ni pikseli moja. Sasa uliza: paka yuko katikati, ukingo wa kulia uko pikseli 240 kutoka hapo, je, tubofye mara ngapi hadi afike? Waandike jibu kabla ya kubofya. Ni 24. Baada ya kubofya mara 24, mtoto hahitaji kuelezwa kwa nini kuna bloku ya "rudia".

Weka "rudia 10", ndani yake "nenda hatua 10" na "vazi linalofuata", na juu yake "bendera ya kijani ikibofywa". Paka ana mavazi mawili, miguu imepishana, kwa hiyo kuyabadilisha kunaonekana kama kutembea. Ila mara ya kwanza haitaonekana hivyo: paka ataruka kama aliyesukumwa. Scratch huchora jukwaa upya takriban mara 30 kwa sekunde, na kitanzi, yaani bloku ya kurudia na vilivyomo ndani yake, huzunguka mara moja kwa kila mchoro, hivyo mizunguko 10 inaisha katika theluthi ya sekunde. Ongeza "subiri sekunde 0.1" ndani ya kitanzi na miguu itaonekana. Wajaribu 0.5 na 0.02 pia, wachague wenyewe mwendo unaopendeza.

Halafu waache wabofye bendera mara ya pili na ya tatu. Paka hatarudi mwanzo, ataendelea kutoka alipoishia hadi agande ukingoni. Usiwaonye mapema. Hapa ndipo wanapogundua kwamba kompyuta haijui "mwanzo" ni wapi mpaka iambiwe. Dawa ni bloku ya "nenda x: -200 y: 0" mara tu chini ya bendera (x ni mahali kushoto-kulia, y ni juu-chini, katikati ya jukwaa ni 0). Kanuni hiyo inahusu kila kitu kinachobadilika: mhusika aliyefichwa hubaki amefichwa, aliyegeuzwa hubaki amegeuka, aliyekuzwa hubaki mkubwa. Watoto wazoee kuanza kila programu kwa kutaja mahali, uelekeo, vazi na "onekana".

Ukibaki na muda, badilisha "rudia 10" iwe "daima" na uongeze "ukigusa ukingo, rudi". Paka atarudi akiwa kichwa chini miguu juu. Rekebisheni kwa bloku ya mtindo wa kugeuka, mchague kushoto-kulia.

Wanafunzi wangu walichora mraba bila shida, lakini pembetatu imekataa. Kila pembe ya pembetatu yenye pande sawa ni nyuzi 60, nao wameandika 60, ila umbo halifungi. Scratch ina kasoro? (Mwalimu wa hisabati)

Haina kasoro, na kosa hili ni zuri sana kulipata darasani. Usilifute haraka.

Nyuzi 60 ni pembe ya ndani. Bloku ya "geuka" haijui pembe ya ndani. Inageuza uso wa mhusika kutoka pale unapoelekea sasa, na hiyo ni pembe ya nje: 180 ukitoa 60, yaani 120. Kwenye mraba kosa lilijificha kwa sababu pembe ya ndani na ya nje zote ni nyuzi 90.

Njia bora ya kulionyesha ni kumsimamisha mwanafunzi mmoja sakafuni awe ndiye mhusika. Chora pembetatu kwa chaki, atembee upande mmoja, asimame kwenye kona, na wenzake watazame pua yake inageuka kiasi gani ili ielekee upande wa pili. Inageuka sana, zaidi ya robo ya mzunguko. Njia hii ina umri mrefu: lugha ya Logo, iliyoanzishwa mwaka 1967 na Seymour Papert na wenzake, ilikuja kujulikana kwa kobe wake wa kuchora, na watoto walihimizwa kujiweka mahali pa kobe huyo.

Kisha rudini kwenye skrini. Bloku za kalamu ni nyongeza katika Scratch 3, na hupatikana kwa kubofya kitufe cha pembe ya chini kushoto. Unganisheni "shusha kalamu", "rudia 3", na ndani yake "nenda hatua 100" na "geuka nyuzi 60". Msiweke "futa yote". Bofyeni mara moja, mpate mistari mitatu inayopinda bila kufunga. Kabla ya kubofya tena, kila mmoja achore kwenye daftari anachodhani kitatokea. Bofyeni. Mistari mingine mitatu inaungana na ile ya kwanza, na umbo la pande sita linajifunga. Mhusika aligeuka jumla ya nyuzi 180 mara ya kwanza na 180 mara ya pili: 360 kamili, ndiyo maana amerudi alikoanza.

Kutoka hapo wanafunzi wenyewe watafika kwenye kanuni: gawanya 360 kwa idadi ya pande. Pande 5 ni nyuzi 72, pande 8 ni 45. Atakayemaliza mapema mpe "rudia 5" na "geuka nyuzi 144" bila kumwambia kitakachotokea. Atapata nyota, na swali la kwa nini ni 144 (ni 720 ikigawanywa kwa 5, maana mhusika anazunguka mara mbili) linatosha kwa kipindi kizima.

Tumetengeneza mchezo wa kunasa tunda linaloanguka kwa bakuli. Tunda likigusa bakuli alama zinaruka kutoka 0 hadi 9 au 10 badala ya 1. Na wakati mwingine tunda linapita bakuli bila kuhesabiwa kabisa. (Wanafunzi wa kidato cha kwanza)

Haya ni makosa mawili tofauti, vijana, ingawa yanafanana na moja.

La kwanza: ndani ya "daima" mmeweka "kama linagusa bakuli, ongeza alama kwa 1". Kitanzi hicho kinauliza swali lake takriban mara 30 kwa sekunde. Tunda likishuka pikseli 5 kila mzunguko, na eneo la kugusana likiwa na kimo cha pikseli 50, litakuwa limegusa bakuli kwa mizunguko 10. Kila mara jibu ni ndiyo, na kila mara mnapata alama. Ongezeni bloku moja mara tu baada ya kuongeza alama: lipelekeni tunda juu, "nenda x: namba yoyote kati ya -220 na 220, y: 170". Likishaondoka halimgusi mtu.

La pili: tunaamini mmeliteremsha tunda kwa bloku ya "teleza kwa sekunde 2 hadi". Bloku hiyo hushikilia mfuatano wake hadi imalize. Kama swali la kugusa liko chini yake, haliulizwi kabisa tunda likiwa njiani, linaulizwa limeshatua. Ondoeni "teleza", mweke "badilisha y kwa -5" ndani ya "daima", kisha swali la kugusa, kisha swali la kufika chini. Kutoka y 170 hadi -170 ni pikseli 340, mizunguko 68, kama sekunde 2 na ushei.

Angalieni namba ya kufika chini. Wengi huandika "kama y ni chini ya -200", halafu tunda linaganda ukingoni milele. Jukwaa linaishia -180, na Scratch haimruhusu mhusika atoke nje kabisa, hivyo tunda dogo halifiki -200 kamwe. Andikeni -170.

Na alama ziwekwe 0 chini ya bendera, la sivyo mchezaji wa pili anaanza na za mwenzake.

Nikishikilia mshale wa kulia mhusika anasogea mara moja, anasita, halafu ndipo anatembea. Kibodi ni mbovu? (Msomaji)

Kibodi ni nzima. Umetumia tukio la "kitufe kikibonyezwa", ambalo linafuata namna kibodi inavyojirudia unaposhikilia kitufe: herufi moja, kusita kidogo, kisha mfululizo. Tumia "daima" yenye "kama mshale wa kulia umebonyezwa, badilisha x kwa 5" ndani yake. Swali hilo liko kwenye bloku za kuhisi, za bluu nyepesi, na mwendo utakuwa laini. Faida nyingine ni kwamba vitufe viwili vinaweza kufanya kazi kwa pamoja.

Mwanangu ana miaka 11. Ametengeneza michezo mingi kwa kufuata video hatua kwa hatua, lakini nikimwambia atengeneze wake anakaa tu akitazama skrini. Mimi sijui kuprogramu. Je, anajifunza kweli? (Mzazi)

Mzazi mpendwa, anajifunza bloku ziko wapi na zinashikana vipi, na hilo lina thamani. Alichokosa ni nafasi ya kuamua. Video imeamua kila kitu kwa niaba yake. Usimkataze video, mwongezee kazi baada ya kila moja.

Kazi ya kwanza ni kubadilisha. Mchezo ukishakamilika, achague kitu kimoja ambacho video haikuwa nacho: tunda la pili linalopunguza alama, au kasi inayoongezeka kila alama 10. Kidogo tu, lakini kisiwe na mtu wa kumwonyesha.

Ya pili inakuhusu wewe, na huhitaji kujua kuprogramu. Hifadhi kwanza nakala nzima ya mradi. Kisha, akiwa chumba kingine, haribu kitu kimoja na umwite atafute. Kuna uharibifu tunaoupenda sana. Geuza alama ya < iwe >. Toa "daima" na uiache "kama" peke yake, na swali litaulizwa mara moja tu mwanzoni kisha basi. Au badala ya "badilisha alama kwa 1" weka "iweke alama iwe 1". Huu wa mwisho unafundisha kuliko yote: mchezo unafanya kazi, alama inatoka 0 hadi 1 vizuri, halafu haisogei tena. Mtoto anayeweza kueleza kwa nini, ameelewa kigeu ni nini, yaani thamani inayotunzwa kwa jina na kubadilishwa programu ikiendelea. Watoto wengi hutumia vigeu mwaka mzima bila kufika hapo.

Akitafuta, usimwambie "kosa liko wapi?" Muulize: ulitegemea nini? Umeona nini badala yake? Bloku gani inahusika na hilo? Katuni ina fadhila moja kubwa, kosa linaonekana kwa macho. Kazi yako ni kumzuia asibadilishe bloku ovyo mpaka aseme anachodhani.

Ya tatu ni mradi mdogo wa kwake mwenyewe, uanzie kwenye karatasi. Agawe karatasi vyumba vinne na achore kisa cha wahusika wawili wanaozungumza, kisha akijenge. Karibu hakika atatumia "sema kwa sekunde 2" kwa wa kwanza na "subiri sekunde 2" kwa wa pili, na itafanya kazi. Mwombe sasa aongeze sentensi moja mwanzoni. Kila muda wa kusubiri utakosewa, na wahusika wataongea kwa pamoja. Akishachoka kuhesabu sekunde, atakuwa tayari kwa "tangaza ujumbe": wa kwanza akimaliza sentensi anatangaza "zamu-ya-pili", na wa pili ana bloku ya "nikipokea zamu-ya-pili". Sentensi ikiongezwa popote, zamu hazivurugiki.

Nilitengeneza nyota zinazojinakili. Baada ya muda zikajaa skrini nzima, mchezo ukawa mzito, kisha nyota mpya zikagoma kutokea. (Kijana wa miaka 14)

Umegonga ukomo: Scratch inaruhusu nakala 300 kwa mradi mmoja. Lakini chanzo ni kwamba nakala nazo husikia ujumbe. Kama nyota ina "nikipokea ongeza-nyota, tengeneza nakala yangu", ujumbe wa kwanza unaleta nyota 2, wa pili 4, wa tatu 8, na wa nane 256. Hamisha amri ya kutengeneza nakala iwe kwenye jukwaa, ikitaja nyota kwa jina. Na kila nakala iwe na "futa nakala hii" inapofika chini au kuguswa. Kama kila nyota ina kasi yake, kigeu cha kasi kiundwe kwa kuchagua "kwa mhusika huyu tu", la sivyo zote zitagombania thamani moja.

Wanafunzi wetu wamemaliza mwaka na Scratch. Tutajuaje wako tayari kwa Python, lugha ya kuprogramu kwa kuandika maneno badala ya bloku, na tuwavushe vipi? (Walimu wa sekondari)

Idadi ya miradi haiwaambii kitu. Mpeni mwanafunzi karatasi yenye mfuatano wa bloku 10 hivi, uwe na kitanzi, "kama" na kigeu, aandike thamani ya kigeu baada ya kila mzunguko bila kompyuta. Anayeweza, yuko tayari. Asiyeweza atahangaika vilevile kwenye Python, na sasa atahangaika na tahajia pia.

Wavusheni kwa kazi wanayoijua. Python huja na moduli (mkusanyiko wa amri zilizo tayari) ya turtle, kobe yule yule wa kuchora, na mara nyingi hakuna cha ziada cha kusakinisha. Pembetatu yao inakuwa hivi:

    import turtle
    t = turtle.Turtle()
    for i in range(3):
        t.forward(100)
        t.left(120)
    turtle.done()

Wekeni bloku na maandishi haya upande kwa upande na kila mwanafunzi achore mistari ya kuunganisha yanayolingana. Nafasi nne mwanzoni mwa mistari miwili ya ndani zinafanya kazi ya mdomo wa bloku ya "rudia". Mstari usiosogezwa ndani hauko kwenye kitanzi. Mwambieni mmoja aurudishe nje mstari wa t.left na atabiri umbo: atapata mstari mmoja ulionyooka wa pikseli 300.

Mambo matatu yatawashangaza. Orodha ya Scratch huanza kuhesabu kwa 1, ya Python kwa 0. Kulinganisha ni == wakati = moja huweka thamani, nayo Scratch ilizitenganisha kwa umbo la bloku. Na Scratch huona "Ndiyo" na "ndiyo" kuwa sawa, ilhali Python inaziona tofauti, kwa hiyo michezo yao ya maswali na majibu itaanza kukataa majibu sahihi mpaka waongeze .lower(), inayogeuza herufi zote kuwa ndogo.

Mwisho, kataza faili kuitwa turtle.py. Karibu kila darasa kuna mmoja anayefanya hivyo, kwa sababu ndilo jina la kwanza linalomjia. Python ikiambiwa import turtle, hulipata kwanza faili lake yeye badala ya moduli yenyewe, na kosa linalojitokeza hulalamika kwamba turtle haina Turtle. Mstari ulioandikwa vizuri kabisa ndio utakaolaumiwa. Badilisheni jina la faili liwe pembetatu.py, na programu itafanya kazi bila kuguswa herufi nyingine.